Galari ya Picha Sebuleni kwa Mkurugenzi, na Ile Niliyoijenga Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwajiri wangu alinipeleka sebuleni kwake, akanyoosha kidole chini ya televisheni, akasema, "Madam, ofisi yako hii." Palikuwa na kompyuta kuukuu, nyaya zimejisokota nyuma yake, na juu kitambaa cha kufumwa ili vumbi lisiingie. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. Kazi yangu ya kwanza katika fani hii, basi, ilikuwa kukunja kitambaa. Kesho yake nilikikuta kimerudishwa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kompyuta mkidhani ugumu wake uko kwenye mashine. Mashine zilinisumbua kiasi. Walionizeesha ni wenye mashine.

Studio ya picha ya mwajiri wangu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya forodha. Tulikuwa watatu tu: yeye, mkewe aliyepokea wateja, na mimi, Ajiambo, niliyetoka kozi ya kompyuta Tororo nikiwa na cheti na viatu vipya. Hata hivyo alipenda kuitwa Mkurugenzi, na mpaka leo ulimi wangu haujui kumwita kwa jina lingine.

Tulipiga picha za harusi, ubatizo na mazishi pande zote mbili za mpaka. Wateja wa Kenya walichoka kupita katikati ya foleni ya malori ili tu waje kuchagua picha, na ndugu zao wa Nairobi na Kampala hawakuja kabisa. Mkurugenzi akapata wazo, na lilikuwa zuri, sitamnyima haki yake: picha zote ziwekwe kwenye tovuti, mtu azitazame akiwa kwake. Lakini hakutaka kukodi nafasi kwenye kompyuta za kampuni ya mbali. Alitaka picha zikae nyumbani kwake, azilinde kwa macho. Hapo ndipo nilipojifunza kuweka seva ya nyumbani. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi. Inakaa ikingoja watu waiulize kitu kupitia intaneti, nayo iwajibu.

Nasema haizimwi. Mke wa Mkurugenzi aliichomoa kila siku ya Jumamosi.

"Mama, tafadhali, huu waya usiguswe."

"Sasa pasi nitaichomeka wapi? Mzee aende kanisani na makunyanzi?"

Nilinunua soketi ya matundu manne. Akachomeka pasi, redio, chaja ya simu na birika la umeme, akachomoa seva.

Ndani ya miezi mitatu galari, ndivyo tulivyoiita tovuti yetu ya picha, ilikuwa tayari. Nilikuwa nimefungua poti kwenye ruta. Ruta ni kile kisanduku kinacholeta intaneti ndani ya nyumba. Kwa kawaida kinakataa mgeni yeyote wa nje, na kufungua poti ni kukiambia kwamba wageni wa aina fulani wapite, waende moja kwa moja hadi kwenye seva. Kabla ya kutangaza anwani yetu kwa wateja, nilimwendea Mkurugenzi nikamwambia kila familia ipewe neno lake la siri, ione picha zake tu.

Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kifupi, hakina subira. "Hapana, Madam. Mteja akiulizwa paswadi nakasirika, nakwenda studio ya jirani. Wacha wazi."

"Wazi kwa nani, bosi?"

"Kwa wote. Picha si siri. Mtu navaa nguo mzuri, nataka watu waone."

Nilimweleza mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya tatu alinijibu bila kuinua macho kwenye kamera: "Wewe ni wa kompyuta ama wa kunifundisha biashara?" Nikanyamaza. Ningeweza kuweka maneno ya siri kimyakimya, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuyaweka. Sikuweka. Hilo nalisema mapema, kwa kuwa yaliyofuata yana sehemu yangu.

Siku moja alikuja msichana wa Buhehe aitwaye Nafula, mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tumepiga picha za utambulisho wake, ile sherehe ambayo upande wa mwanamume huja kujulikana nyumbani kwa msichana. Siku ile alikuwa amecheka tangu asubuhi mpaka wageni walipoondoka. Sasa alisimama mbele ya kaunta akaweka simu yake juu ya kioo, hakusalimu.

Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wa matangazo ya wanawake wanaotafuta wanaume wa kigeni. Picha ilikuwa ya Nafula, na gomesi yake ya rangi ya kijani, lile vazi la heshima la Uganda, na tabasamu lake lilelile. Jina lilikuwa la mtu mwingine, na chini yake maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Nani aliwapa picha yangu?" akauliza.

Mkurugenzi aliitazama simu, akairudisha. "Intaneti ni ya dunia nzima, binti. Sisi hatujui."

"Wakwe zangu wameiona. Wamesema hawaji tena."

"Pole sana. Lakini hii haikutoka hapa."

Niliingia sebuleni, nikafungua logi. Logi ni daftari ambalo seva hujiandikia yenyewe: nani amekuja, saa ngapi, amechukua nini. Katika kazi zote nilizofundishwa, hakuna iliyokuwa rahisi kama kusoma logi, na hakuna niliyoikwepa kama hiyo, maana inachosha. Niliikuta pale, imeandikwa wazi. Jumapili moja, sisi tukiwa ibadani, mgeni mmoja kutoka anwani moja alikuwa amepita kwenye galari yetu picha baada ya picha, akazibeba zote. Mabibi harusi, watoto wa ubatizo, wajane kando ya majeneza. Ya Nafula ilikuwa katikati ya orodha.

Nikaichunguza pia ile picha ya kwenye tangazo. Kila picha ya kamera ya kisasa hubeba maelezo yaliyofichwa ndani yake: aina ya kamera, saa iliyopigwa, wakati mwingine hata mahali. Mwizi hakujisumbua kuyafuta. Kamera ilikuwa yetu.

Nilimwonyesha Mkurugenzi. Akafunga mlango wa sebule.

"Futa," akasema.

"Nifute nini?"

"Hiyo daftari. Halafu weka paswadi zako. Sasa nakubali."

"Na yule msichana?"

"Yule nimempa pole."

Niliweka maneno ya siri siku hiyohiyo. Logi sikuifuta. Niliichapisha, kurasa kumi na moja, nikazikunja kwenye mkoba, na Alhamisi nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali Masafu. Badala ya Masafu nilivuka mpaka na Nafula.

Baba mkwe wake alikuwa mzee mstaafu wa Busia ya Kenya, amekaa kwenye kochi lililofunikwa plastiki, mikono juu ya magoti. Mchumba mwenyewe alikaa pembeni akiitazama sakafu. Nilizitandaza karatasi mezani, nikaeleza kila kitu: seva, poti, mgeni wa Jumapili. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, mama, unaniambia picha iliibwa kama mtu anavyoiba kuku."

"Hapana, mzee. Kuku tulimwacha barabarani."

"Ni nani aliyemwacha?"

Nilitaka kusema Mkurugenzi. Ulimi ulikuwa tayari. "Ni mimi," nikasema. "Aliamuru yeye, lakini mikono ilikuwa yangu. Huyu msichana hakumpa mtu yeyote picha yake."

Mzee alichukua karatasi ya kwanza, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

Yule kijana akasema polepole, "Nitaisoma kwanza hiyo ripoti. Nimpe na rafiki yangu mmoja anayejua kompyuta, aithibitishe."

Nafula alisimama. Alizikusanya karatasi zote kumi na moja, akazilinganisha kingo, akanirudishia.

"Baba, asante kwa kutupokea," alimwambia mzee. Kisha akamtazama kijana. "Mwanamume anayengoja kompyuta imwambie kama mimi ni mtu mzuri, simtaki."

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye geti la mpaka. Pale akanishika mkono. "Madam, bado nina hasira na wewe," akasema.

"Una haki."

"Lakini umekuja."

Ukurasa ule tuliuandikia barua mara nyingi mpaka picha yake ikaondolewa, ingawa nani ajue ilikuwa imefika wapi kabla ya hapo. Mkurugenzi alipata habari kabla sijafika nyumbani. Mpaka wa Busia hauwezi kuficha safari ya mtu. Kesho yake nilikuta kitu kimoja tu juu ya kompyuta, kile kitambaa cha kufumwa, na mkewe akaniambia kwa upole kwamba Mkurugenzi amesema nisikae.

Kituo changu cha pili kilikuwa chuo kimoja Tororo, ambako vumbi la saruji huua feni za kompyuta kama dawa ya mbu. Mkuu wa Chuo alikuwa kinyume kabisa cha Mkurugenzi. Alikuwa amesikia yaliyotokea Busia na aliniajiri kwa sababu hiyohiyo. Seva ya picha za wahitimu aliiweka nyumbani kwake, ndani ya kabati lenye kufuli mbili. Diski nzima aliitaka ifungwe kwa usimbaji, yaani kila kitu ndani yake kigeuzwe herufi zisizosomeka mpaka ufunguo wake uandikwe, na ufunguo huo aujue yeye peke yake.

"Mheshimiwa, aujue na mtu wa pili," nilimwambia. "Uandikwe, uwekwe kwenye bahasha."

"Ajiambo, siri ya watu wawili si siri."

"Na ukiugua?"

"Unaniombea kuugua?"

Hakuugua. Alihamishwa. Katika pilikapilika za kufungasha, umeme ukakatika, seva ikazimika, na ilipowashwa tena ikauliza ufunguo. Nilimpigia simu. Alijaribu kukumbuka akiwa kwenye kituo chake kipya, mimi nikiandika. Jina la mama yake. Jina la mama yake na mwaka. Jina la mama yake kwa herufi kubwa. Tulijaribu wiki nzima. Mwishowe akasema alimwachia Mhasibu. Mhasibu akaapa hajawahi kuona kitu. Wahitimu wa miaka mitatu, na majoho yao na wazazi wao waliouza ng'ombe ili wasimame pale, wamo ndani ya ile diski mpaka leo, salama kabisa, na hakuna atakayewaona. Kila nikikumbuka, kichwa kinaniuma upande mmoja.

Nilifanya kazi pale hadi nilipostaafu, chini ya wakuu wengine ambao walinichosha kwa namna za kawaida.

Sasa niko Bulumbi, nyumbani kwa marehemu mume wangu. Aliniachia masanduku matatu ya picha za ukoo wao, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Nikasema mara hii nitaijenga galari inavyotakiwa, hakuna bosi wa kunizuia. Sikujua kwamba ukoo ni bosi mkubwa kuliko wote.

Nilianza na kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi, nikaiunganisha na betri ya sola, maana umeme wetu mnaujua. Niliweka diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile, moja ikifa nyingine ibaki. Nakala ya tatu niliipeleka Tororo kwa wifi yangu Taaka, dada wa mume wangu, kwa sababu nakala zote zikikaa nyumba moja, mwizi mmoja au moto mmoja unatosha. Picha zenyewe nilikuwa nimeziskani, yaani kuzinakili kwa mashine ziingie kwenye kompyuta, moja moja kwa miezi mitano.

Kisha intaneti. Kampuni za simu siku hizi huwapa wateja wengi anwani moja ya kuchangia, hivyo mtu wa nje hawezi kuipata nyumba yako hata ukifungua poti. Nilipiga simu huduma kwa wateja niulize.

"Mama, umejaribu kuzima na kuwasha?" kijana akaniuliza.

"Mwanangu, nimeuliza kuhusu anwani ya pamoja."

"Sawa mama. Zima, hesabu mpaka thelathini, uwashe."

Nilihesabu mpaka thelathini, ila kwa sababu nyingine. Mwishowe nilitumia njia ambayo ni bora kuliko poti: kila simu ya mwanafamilia inasajiliwa, na simu zilizosajiliwa zinafika kwenye seva yangu kwa njia ya faragha, iliyofungwa mwanzo hadi mwisho. Dunia nzima ikigonga, haioni hata kama kuna nyumba. Juu ya hapo kila mtu ana neno lake la siri. Maelezo ya mahali nimeyafuta kwenye picha zote. Masasisho ya programu nayaweka kila Jumatatu, kwa sababu programu isiyosasishwa ni tundu linalojulikana na kila mwizi. Na ufunguo mkuu umo kwenye bahasha mbili, moja kwa mwanangu Ouma, nyingine kwa padre wetu.

Galari ilifunguliwa Jumapili. Jumatatu, kabla sijanywa chai, shemeji yangu Wandera aliandika neno lake la siri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kundi lile lina watu ambao hata hatujui ni wa nani.

"Shemeji, kwa nini?" nilimpigia.

"Nimewarahisishia. Watu walikuwa nauliza uliza."

Nikaifunga akaunti yake. Jioni hiyo simu zilinimiminikia. Eti nimefunga picha za marehemu. Nimejifanya serikali. Taaka ndiye alikuwa mkali kuliko wote. "Mama Ouma, picha ni za kaka yangu, wewe ulizikuta. Mimi hizo paswadi sitazishika. Mtu wa umri wangu akumbuke herufi kubwa, herufi ndogo, namba? Niko benki?"

Nilimwambia sheria ni moja kwa wote. Akakata simu. Hatukuongea kwa muda mrefu, na nakiri kuna siku nilitamani kuichomoa ile mashine nipige pasi.

Kisha nyumba ya Taaka ikaungua. Ilikuwa saa nne asubuhi, yeye yuko sokoni. Waya wa umeme ulipiga shoti juu ya dari. Majirani waliokoa mbuzi na kiti kimoja. Nakala yangu ya tatu iliungua, simu yake ya zamani iliyokuwa kwenye chaji iliungua, na albamu zake zote.

Taaka alikuwa na binti aitwaye Auma, aliyefariki akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa na picha zake nne tu duniani. Alikuwa amenipa nikaziskani kwa shingo upande, akaningojea mlangoni nimalize ili azirudishe kwenye mkoba siku hiyohiyo.

Alikuja Bulumbi siku ya tatu akiwa na gauni la kuazima na simu ya kuazima. Alikaa, hakugusa chai. Hakuuliza kama picha za Auma zimepona. Nadhani aliogopa jibu.

Ningeweza kumfungulia kwa akaunti yangu mara moja. Mikono yangu ilikuwa tayari. Lakini nikaona ni picha zake, aingie mwenyewe. Niliisajili ile simu, nikamtengenezea neno jipya la siri, nikamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda. Alikosea mara ya kwanza. Alikosea mara ya pili, akaniangalia kwa jicho ambalo ningelistahili kama isingefunguka. Mara ya tatu ikafunguka.

Auma alikuwa pale, na sare ya shule, na viatu vikubwa vya dada yake, anacheka na pengo la mbele. Taaka aliisogeza simu karibu na uso. Alikaa hivyo mpaka skrini ikazimika, nikaiwasha, ikazimika tena, nikaiwasha.

"Nani mwingine anaona hii?" hatimaye akauliza.

"Wewe. Na mimi ninayetunza mashine. Hizi nne niliziweka peke yake, si pamoja na za ukoo. Ukitaka wengine waione, ni wewe utakayesema."

"Wandera?"

"Haoni."

"Iache hivyohivyo," akasema, na akavuta kikombe cha chai, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Watu huniuliza kama kustaafu kumenipa raha. Shemeji Wandera bado amenuna, na mchwa wamerudi kwenye sanduku la pili. Vijana wangu, mtakapowekewa picha za watu mikononi, bosi mmoja atasema fungua, mwingine atasema funga kabisa, na wote wawili watakuwa na cheo kikubwa kuliko ninyi. Ulizeni picha ni ya nani, kisha mshike hapo, hata mkifukuzwa. Mimi nilifukuzwa, na cha kujuta nilichonacho ni zile siku tatu nilizobishana halafu nikanyamaza.

Taaka amenipigia mara mbili wiki hii. Kalenda yenye neno la siri aliitundika jikoni kwa watu waliomhifadhi, mvuke umefuta herufi. Nimemtengenezea jipya, nikamsomea polepole, herufi moja moja, yeye akiandika.

"Nitalisahau tu," akasema. "Wewe usiwe mbali na simu."

Nikamwambia sina pa kwenda.